Kwa Nini Maji Hufuata Chumvi

Picha ilinifikia wiki tatu zilizopita, saa kumi na mbili kasoro asubuhi, hata sijaamka sawasawa. Binamu yangu, anayeishi jimbo jingine hukuhuku Marekani, alikuwa ameupiga picha mlango wa chumba chake. Mlangoni kabandika ratiba. Wiki 12. Kila somo na rangi yake: kijani baiolojia, bluu kemia, nyekundu fizikia, zambarau saikolojia. Siku inaanza saa kumi na moja alfajiri na kuisha saa nne usiku. Katikati ya wiki ya nane kachora mstari mnene: MWISHO WA KUSOMA, MWANZO WA MAZOEZI.

Chini ya picha ameandika: "Dada, shikamoo. MCAT ni mwezi wa tano. Naomba uikague, uniambie kama iko sawa."

MCAT ni mtihani wa kujiunga na vyuo vya udaktari huku Marekani. Nilimwitikia marahaba, nikamwambia nitaiangalia.

Sikuhitaji kuiangalia. Ratiba ile naijua. Miaka miwili iliyopita ilikuwa mlangoni kwangu, na hata rangi karibu zote zilikuwa hizohizo.

Wiki tatu sijampa jibu, na wiki tatu hizo jambo hili limekuwa likinifuata: darasani, kwenye basi, hata ninapoosha vyombo. Ningeweza kumwambia "iko vizuri, kazana" nikamaliza. Ningeweza pia kumwambia "ibandue", lakini ningemvunja moyo bila kumpa kitu cha kushika. Nimeona niandike kwanza, labda nikiandika nitajua hasa ninachotaka kumwambia.

## Wino wa njano

Kinachonisumbua ni kwamba mimi ratiba yangu niliifuata.

Tumezoea habari za mtu aliyepanga vizuri akashindwa kutekeleza. Alilala, alizidiwa na simu, alikata tamaa. Dawa ya huyo inajulikana. Mimi nilikuwa msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Natoka zamu ya usiku, naoga, nalala, naamka, nakaa mezani. Siku ilipokuwa fupi niliiba kwenye usingizi. Kila jioni nilipiga tiki kwenye kisanduku cha siku hiyo, na wiki sita zikapita bila kisanduku hata kimoja kubaki kitupu. Nilikuwa napiga msuli kama tulivyopiga kidato cha sita, na nilijivunia.

Mwisho wa wiki ya sita nikafanya mtihani wangu wa kwanza wa mazoezi, ule mzima, wa maswali 230. Shuleni nyumbani tungeuita moko.

Swali lenyewe nalikumbuka mpaka leo. Kuna dawa inayozuia chumvi isisukumwe nje kwenye mkono unaopanda wa kitanzi cha Henle, ndani ya figo. Mgonjwa akiinywa, mkojo wake utakuwaje?

Nikauona ukurasa.

Nauona kabisa: ukurasa wa kushoto, chini ya mchoro wa nefroni, yaani kichujio kidogo cha figo na mrija wake, mistari miwili niliyoipaka wino wa njano, na pembeni doa la chai. Ningeweza hata kukwambia nilivaa nini siku niliyousoma. Lakini mistari ile ilisema nini, hilo sikuwa nalo. Nilikuwa kama mtu anayemwona jirani ng'ambo ya barabara, anampungia mkono, na jina lake halimjii. Nikachagua "mkojo utapungua".

Ungeongezeka.

Matokeo yakawa 496. Alama za MCAT zinaanzia 472 na kuishia 528, katikati ni 500. Mtihani una sehemu nne, na kila sehemu ina alama zake, kuanzia 118 hadi 132. Sehemu ya baiolojia na baiokemia, niliyoipa saa nyingi kuliko zote, nilipata 123. Ndiyo ilikuwa ya chini kabisa. Saikolojia na sosholojia, ambayo nilikuwa nimeigusa tu, ilinipa 125.

Nililia kidogo, kisha nikavaa sare nikaenda kazini.

## Waliojifunza neno "mashua"

Wiki iliyofuata ratiba ilinitaka nisome mada ya kumbukumbu, ambayo iko kwenye sehemu hiyo ya saikolojia. Humo nikakutana na jaribio ambalo natamani kila mwanafunzi anayezungumza Kiswahili alijue, kwa sababu lugha yetu imo ndani yake.

Mwaka 2008 Jeffrey Karpicke na Henry Roediger walichapisha utafiti katika jarida la Science. Wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani walipewa maneno 40 ya Kiswahili wajifunze maana yake kwa Kiingereza. Mojawapo lilikuwa "mashua". Walisoma, wakaulizwa, wakasoma tena, wakaulizwa tena. Tofauti ilianza pale mtu alipolipatia neno kwa mara ya kwanza. Kuna walioacha kuulizwa neno hilo wakaendelea kulisoma tu. Kuna walioacha kulisoma wakaendelea kuulizwa. Wengine waliendelea na yote mawili, na wengine waliyaacha yote.

Baada ya wiki moja wakapimwa. Walioendelea kuulizwa walikumbuka takriban asilimia 80 ya maneno, wawe waliendelea kusoma au la. Walioacha kuulizwa walikumbuka takriban theluthi moja, hata wale waliolisoma neno hilohilo mara nyingi zaidi.

Hapo bado nilikuwa nimekaa. Kilichoniinua kitini ni sehemu iliyofuata. Siku ya kwanza, kabla hawajaondoka, wanafunzi waliulizwa wanadhani watakumbuka maneno mangapi. Makundi yote yalikadiria karibu sawa, kama nusu hivi.

Aliyekuwa anakwenda kukumbuka theluthi na aliyekuwa anakwenda kukumbuka asilimia 80 walijiona sawa.

Niliisoma sehemu hiyo nikiwa na kalamu ya wino wa njano mkononi. Nikaiweka chini.

Nilimfikiria kijana mmoja kati yao, ameshika karatasi yenye neno "mashua". Mimi neno hilo nimelikuta nyumbani kama nilivyolikuta jina langu. Yeye kalitazama mara ya tatu, ya nne, ya tano, na kila akilitazama linazidi kuwa jepesi, linazidi kuwa na sura anayoizoea. Mazoea hayo ndiyo aliyoyahesabu kuwa ni kujua. Na mimi ndivyo nilivyofanya na figo. Ule ukurasa wenye doa la chai nilikuwa nimeuzoea kabisa, lakini nilipoulizwa kilichoandikwa ndani yake nilikuwa mtupu.

Na zile tiki je? Kila tiki ilikuwa ushahidi niliojitolea mwenyewe, kwamba leo nimejua hiki, jana nilijua kile. Shahidi alikuwa mimi, na shahidi huyo hakuwa na namna ya kujua. Ratiba nzima, wiki sita, ilikuwa imesimama juu ya neno lake.

## Mama na kabichi

Ungedhani siku hiyohiyo nilibadilika. Sikubadilika.

Kusoma kunatuliza. Ukimaliza sura moja unajisikia umefanya kazi, unafunga kitabu kwa amani. Lakini ukijiuliza maswali ishirini, ukakosa kumi na mawili, unainuka mezani ukijiona huna akili, na mtu aliyetoka kugeuza wagonjwa kitandani usiku kucha hana nguvu za kujiona hivyo. Nadhani hii ndiyo sababu ratiba nyingi zinaweka mazoezi mwishoni, nyuma ya ule mstari mnene. Tunaahirisha kuambiwa ukweli mpaka tujisikie tayari kuusikia. Huo utayari mimi sijawahi kuuona ukija wenyewe.

Aliyenitoa hapo ni mama mmoja Mkongo niliyekuwa nafanya naye zamu. Alikuwa amenizidi miaka zaidi ya ishirini, na wazee wa pale walimpenda kuliko walivyotupenda sisi wengine wote. Usiku mmoja, yapata saa tisa, wazee wamelala, tuko kwenye mapumziko, akanikuta na kadi zangu za maswali. Akanyoosha mkono.

"Leta mimi nishike. Hii Kingereza yao sijue yote, lakini kusoma naweza. Wewe sema, mimi nitaangalia kama ni yenye iko hapa."

Akawa anasoma swali polepole, mimi najibu, yeye anageuza kadi.

"Hapana. Si hivyo."

Hakuniongezea pole wala hakunisaidia. Alisema "si hivyo", akaiweka kadi upande, akachukua nyingine. Tulipofika kwenye kadi ya figo akasimama. Alikuwa na ndugu yake aliyekuwa anasumbuliwa na figo, akataka kuelewa.

"Hii nieleze kwa Kiswahili, mwanangu. Figo inafanya nini?"

Nikaanza kwa kujiamini. Figo zinachuja karibu lita 180 kwa siku, na mkojo unaotoka ni kama lita moja na nusu, maana yake karibu yote yanarudishwa mwilini. Kuna mrija umejikunja kama kitanzi. Kwenye mkono unaoshuka maji yanatoka nje ya mrija. Kwenye mkono unaopanda maji hayapiti, chumvi ndiyo inasukumwa nje. Kwa Kiingereza ningekuwa nimeshamaliza na kupongezwa. Kwa Kiswahili sikuwa na neno la kujificha nyuma yake. Kila neno ilibidi nilijaze maana mwenyewe ndipo litoke.

"Ngoja, mwanangu. Maji inatoka kwa nini? Nani anaivuta?"

"Chumvi iliyoko nje, Mama."

"Sasa kwa nini maji inafuata chumvi?"

"Osmosisi."

"Hiyo ni jina," akasema. "Mimi nauliza kwa nini."

Nikanyamaza. Wiki sita, mistari miwili ya njano, na jibu langu lilikuwa jina.

Ni yeye aliyeendelea. Akasema ukikata kabichi, ukainyunyizia chumvi, ukaiacha kidogo, utakuta maji yamejaa chini ya bakuli na kabichi imelegea. "Ni kama ile?"

Ni kama ile hasa. Maji yaliyo ndani ya kabichi yanahamia kule ambako chumvi ni nyingi. Ghafla figo nzima ikapangika kichwani mwangu. Mkono unaopanda kazi yake ni kuinyunyizia chumvi nyama ya katikati ya figo. Baadaye mkojo unapopita hapohapo kwenye mfereji wa mwisho, chumvi hiyo inayavuta maji yarudi mwilini. Izuie pampu ile, na ni kama umemnyang'anya mpishi chumvi. Hakuna cha kuyavuta maji, yanakwenda na mkojo.

Ungeongezeka. Sasa hata usiku wa manane ukiniamsha nitakwambia kwa nini.

Tangu usiku huo, kila tulipokuwa zamu moja, mapumziko yetu tuliyatumia hivyo. Dakika ishirini, kadi mkononi mwake, Kiswahili mdomoni mwangu. Hakuwahi kusoma kemia. Alichokuwa nacho ni kwamba haridhiki na jina la kitu, na hilo ndilo nililokuwa nalihitaji.

## Siku 34, siku 55

Zikabaki wiki tano kabla ya mtihani wa Juni. Nilijua sasa namna ya kusoma, lakini muda nilikuwa nimeshaula. Nikakaa na swali moja kwa siku nyingi: nisogeze tarehe au niingie hivyohivyo?

Kuingia "kujaribu bahati" kuna gharama yake. MCAT huwezi kuifanya zaidi ya mara 3 kwa mwaka mmoja, mara 4 kwa miaka miwili mfululizo, na mara 7 maisha yako yote. Alama ukishazipata zinakaa kwenye rekodi, na vyuo vitaziona. Kwa upande mwingine niliogopa kwamba kusogeza ni jina zuri la kukimbia. Namfahamu mtu aliyesogeza mara tatu, na kila mara alikuwa na sababu nzuri kabisa.

Kilichonisaidia kupima ni utafiti mwingine, wa mwaka 1994, wa Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross. Waliwauliza wanafunzi waliokuwa wanamalizia tasnifu zao wataikamilisha kazi baada ya siku ngapi. Wastani wa majibu ulikuwa karibu siku 34. Wakawauliza pia: na kila kitu kikienda vibaya kabisa? Kama siku 49. Kazi yenyewe ilichukua karibu siku 55.

Hata walipojipangia balaa, walijipunguzia.

Niliitazama ratiba yangu kwa jicho hilo. Ilijaa kazi, na haikuwa na hata siku moja ya maisha. Ndani ya zile wiki sita mzee mmoja niliyemzoea sana alifariki mikononi mwangu, gari likagoma siku mbili, nikapata mafua yaliyonilaza. Wakati ule niliyaita matukio ya bahati mbaya. Nilipoyahesabu niliona kwamba hapakuwa na wiki iliyokosa lake. Hayo ndiyo maisha yenyewe, na kila lilipotokea jambo nililipa kwa usingizi, yaani nililipa kwa ileile kumbukumbu niliyokuwa naitafuta. Kinachosomwa mchana hutengemaa usingizini. Hilo nalo lilikuwa kwenye sura niliyoipaka wino.

Nikampigia mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti iko chini?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kama mtihani wenyewe utaondoka usirudi tena. Nikasema hapana, mwezi wa nane upo.

"Sasa unakimbizana na nani?"

Nikalipa ada ya kusogeza tarehe, kutoka Juni hadi mwishoni mwa Agosti. Siku mbili nilijiona mwoga. Siku ya tatu nikabandua ratiba mlangoni.

## Penseli

Ratiba mpya niliiandika kwa penseli, na niliianza kutoka siku ya mtihani kurudi nyuma.

Kwanza nikaiweka siku yenyewe kama ilivyo: saa mbili asubuhi, dakika 95 za kemia na fizikia, mapumziko ya dakika 10, dakika 90 za kusoma vifungu, nusu saa ya chakula, dakika 95 za baiolojia, dakika 10 tena, dakika 95 za saikolojia na sosholojia. Karibu saa saba na nusu ukijumlisha na taratibu za kuanza na kumaliza, bila kikokotoo, na kiti ni kilekile. Mtu wa zamu za usiku hawezi kuufikisha mwili wake hapo kwa wiki moja. Kwa hiyo kitu cha kwanza kuandikwa kwenye ratiba hakikuwa somo. Kilikuwa ombi kwa msimamizi wangu: wiki sita za mwisho nihamie zamu za jioni. Alikubali, na ninamshukuru mpaka leo.

Kisha nikaweka mitihani ya mazoezi, mizima, mmoja kila Jumamosi katika wiki hizo sita isipokuwa ya mwisho, saa mbili asubuhi, simu ikiwa chumba kingine. Nyuma ya kila mtihani nikaziba siku mbili nzima za kurudia makosa. Watu wengi niliowaona wakijiandaa walikuwa wanahesabu mitihani waliyofanya. Mimi nasema bila kusita: mtihani ambao hujaurudia swali kwa swali umekuchosha bure.

Kurudia kwenyewe nilikufanya kwa daftari. Kila swali nililokosa niliandika mambo matatu: nilichagua nini, nilifikiri nini wakati nachagua, na ni kitu gani kwenye swali kingenistua. Hilo la pili linauma. Ni rahisi kuandika "sikujua". Nilipoanza kuwa mkweli, kwenye mtihani wa pili wa mazoezi, nilikuta kati ya makosa 23 ya baiolojia ni 9 tu niliyokuwa sijui kabisa. Mengine nilijua, nikasoma jedwali kinyume. Nilijua, nikalikimbilia jibu lenye neno ninalolifahamu. Mara mbili nilikuwa nimepatia, nikabadilisha. Ratiba ya rangi isingeyaona hayo, kwa sababu dawa yake kwa kila kosa ilikuwa moja: rudi ukasome sura.

Vitabu havikutoka. Vilishuka nafasi. Nilikuwa nafungua kitabu kwa sababu swali limenituma, nasoma kurasa nne, tano, nafunga, naandika upande wa pili wa karatasi ninachokumbuka. Kadi nilizitia kwenye boksi la viatu nililoligawa vyumba vitano, utaratibu ambao Mjerumani Sebastian Leitner aliueneza miaka ya 1970. Kadi ukiipatia inasogea chumba cha mbele, ambako inaulizwa kwa nadra zaidi. Ukiikosa inarudi mwanzo, hata kama ilikuwa imefika chumba cha tano. Asidi amino 20, majina, vifupisho na tabia zake, ziliishi kwenye boksi hilo. Histidini ilirudi mwanzo mara nyingi mpaka pembe zake zikachakaa.

Alhamisi niliiacha tupu. Haikuwa siku ya kupumzika. Alhamisi ilikuwa ya deni: chochote ambacho wiki imekimeza kinalipwa siku hiyo. Wiki nyingi ilijaa hadi pomoni. Mara mbili tu ilibaki tupu kweli, na siku hizo nililala.

Saa nilizozipanga zilikuwa tano kwa siku, kutoka kumi za zamani. Niliogopa sana kuiandika hiyo tano.

## Vifungu tisa

Kuna sehemu moja ambayo ratiba yoyote inapata shida nayo, nayo ni CARS, ile ya kusoma na kuchambua. Vifungu tisa, maswali 53, dakika 90. Dakika kumi kwa kifungu. Huulizwi ulichosoma popote. Majibu yote yamo ndani ya kifungu, na kifungu kinaweza kuhusu falsafa ya muziki au historia ya usanifu wa majengo.

Kwangu mimi, ambaye Kiingereza ni cha shule, ndiyo ilikuwa hofu kubwa. Nilikuwa nasoma polepole kwa sababu kichwani natafsiri. Nikajaribu kujizuia nisitafsiri, na kasi ikapungua zaidi, maana sasa nilikuwa nafanya kazi mbili. Baada ya mwezi niliacha kupigana nalo. Kila nikimaliza aya nilijisemea kwa Kiswahili, maneno sita au saba: huyu anapinga wenzake, hapa ametoa mfano, hapa ameanza kusitasita. Basi. Nikashangaa kwamba mwandishi akisitasita Kiswahili changu kilimnasa haraka kuliko Kiingereza changu.

Hiki hakipangwi kwa mada. Nilikiweka kila siku, vifungu viwili, asubuhi kabla ya chochote, hata siku ya deni. Alama zake zilikaa palepale wiki tano. Wiki ya tano nilikaribia kukiondoa kwenye ratiba nikipe muda wake fizikia, ambako angalau nilijiona nasogea. Sijui ni nini kilinizuia. Wiki ya saba ikapanda alama mbili kwa mpigo, na haikushuka tena.

Mitihani minne ya mwisho ya mazoezi ilikwenda 501, 505, 504, 508. Ile 504 ilinikosesha raha siku nzima. Mtihani wenyewe, alama zilipotoka baada ya mwezi, ulikuwa 509. Sasa niko mwaka wa kwanza wa udaktari, na mada ya figo tumeianza mwezi huu. Labda ndiyo maana picha ya binamu yangu imenikaa kifuani namna hii.

## Leo asubuhi

Nimemjibu.

Nilikuwa nimeandika ujumbe mrefu wenye Karpicke na Buehler na boksi la viatu, nikaufuta. Nami nilikuwa nimesoma yote hayo na nikaendelea kupaka wino. Yapo hapa, akiyataka atayakuta.

Rangi zake sikuzigusa. Nimemwuliza tu baiolojia amefika wapi. Akasema, kwa furaha, kwamba ya figo ameimaliza juzi, yote, na tiki ameshapiga.

"Sawa," nikamwandikia. "Funga kitabu. Nieleze kwa sauti, kwa Kiswahili, figo inarudishaje maji mwilini, na kwa nini maji hufuata chumvi."

Ujumbe wa sauti umerudi baada ya nusu saa. Anaanza kwa kasi: nefroni, kitanzi, mkono unaoshuka, osmosisi. Kisha kimya. Nasikia kalamu ikigongagonga meza. Nasikia kurasa zikifunuliwa, halafu kitabu kinafungwa tena.

"Dada," anasema, "ngoja kwanza. Nitakupigia kesho."